Siku Niliyomushusha Mama Mukwe

Mimi ni mutu wa bandari na naishi Bunia. Asiyejua Bunia hataona kosa hapo. Anayeijua atacheka kwanza, kisha atauliza: bandari gani, mu mutaro? Ziwa iko chini kule. Unapita Bogoro, unashuka mulima mpaka masikio yanaziba, unafika Kasenyi, joto inakupokea. Lakini biro ya bandari, na kibao chake na bendera yake na viti vyake vitatu, iko hapa juu mu muji, mbali na maji. Mvua ikinyesha sana na muto Nyamukau ikijaa, jirani zangu wa mutaa wa Shari wananiita juu ya ukuta wa lupango: "Shefu, meli imefika? Tuje tupokee muzigo?" Nawajibu kwamba bado tunaingojea.

Wazee wa kazi walinieleza sababu. Wakati wa Wabelgiji meli zilikuwa zinavuka ziwa kutoka Uganda na mashini, nguo, chumvi, barua za Ulaya, na malori yanapandisha vyote huku juu. Basi leta, yaani serikali, ikaweka watu wa kuangalia ile kazi: nani anafunga boti wapi, nani anatoka saa gani, taa iwake usiku, muchanga uchimbuliwe njia isizibe, muzigo usizidi. Muzungu mwenye kuwasimamia hakupenda ile joto wala mbu, akapandisha kiti chake Bunia. Meli zikakufa, muzungu akarudi kwao, kiti kikabaki. Kufungua biro ya leta ni rahisi. Kuifunga ndiyo hakuna mutu anajua inafanyika namna gani.

Kisha ziwa yenyewe ikapanda. Gati ya zamani, ile ya mawe, sasa iko chini ya maji na samaki zake. Imebaki nguzo moja ya chuma ya kufungia kamba, inatokeza kichwa karibu na ukingo. Siku za soko nashuka na moto, pikipiki yangu, nasimama pale kando ya nguzo na kofia yangu ya leta, na hapo ndipo bandari iko.

Mu kazi zote zile za zamani, moja ndiyo iliyobaki na nguvu. Kila boti iko na mustari mwekundu umepakwa ubavuni. Maji ikifunika mustari, boti haitoki. Na boti ikizidi, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kushuka: awe mutu, awe mbuzi, yawe makreti ya bia. Nimeshusha hapo muchuuzi tajiri na nimeshusha askari na bunduki yake. Wananitukana, wanashuka.

Sasa niseme habari ya ukwe, juu bila hiyo utaniona mujinga. Kwetu Djugu mwanaume na mama ya bibi yake hawaangaliani. Hawapeani mukono, hawakai mu nyumba moja, hawaongei uso kwa uso. Ni heshima, na heshima hii inachosha kuliko chuki. Ukimuona anakuja mu njia, wewe unaingia mu mahindi ya watu. Siye tuko Wakristo, na pasta wetu alihubiri kwamba mambo haya yalikwisha siku ya ubatizo. Tukasema amina. Jumapili ile ile nikamuona pasta anazunguka nyuma ya kanisa, juu mama mukwe wake alikuwa amesimama ku mulango.

Mama mukwe wangu alikimbia Djugu na wengine wakati vijiji vilichomwa, akaja kukaa kwa kijana wake wa mwisho, vyumba viwili, si mbali na kwangu. Nilikuwa najua kikohozi chake. Nilikuwa najua kitenge chake kwa mugongo, kikipotea kwenye kona. Uso wake sikuujua.

Asubuhi moja ya soko bibi yangu akaniletea chai, macho yamevimba.

"Mama anashuka ku ziwa leo," akasema. "Mudogo wake amekufa kule Mahagi. Wanazika kesho. Barabara haipitiki, atapita mu maji."

"Pole sana, mama watoto."

"Ukimuona, usimuangalie."

"Nimekaa miaka yote hii bila kumuangalia, nitaanza leo?"

Hakucheka. Yule marehemu ndiye ndugu peke yake aliyekuwa amebakia mama mukwe. Wengine wote walikwisha kwenda, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa zile mambo zetu ambazo mutu hapendi kuandika. Mama alitaka kitu kimoja tu: amuone mudogo wake kabla ya udongo. Bibi yangu alinieleza hivyo mara nyingi, huku ninavaa viatu, nafunga kofia, natoka.

Ku ziwa boti ya Mahagi ilikuwa inapakia. Chini kabisa simenti na makreti ya bia, juu yake watu, juu ya watu mabeseni. Mama mukwe alikuwa amefika mapema, nilijua baadaye. Lakini aliona ile kofia ya leta imesimama kando ya nguzo, akajificha nyuma ya wamama wanaokausha samaki, akangoja niende upande mwingine. Mimi nami niliona kitenge kinajificha, nikazunguka mbali makusudi ili apite. Tuliheshimiana vizuri sana. Niliporudi, alikuwa amekwisha kupanda, wa mwisho wa wote, ameketi mbele kabisa, mugongo kwangu, na mufuko wa unga, na maharagi, na kuku mumoja mu mikono. Na mustari mwekundu haukuonekana.

"Kapiteni," nikaita, "mustari iko wapi?"

"Iko, shefu. Iko chini ya maji kidogo."

"Nani aliingia wa mwisho?"

Boti nzima ikanyoosha kidole. Mungu wangu! Vidole vyote vilikuwa ku ule mugongo.

Desturi yetu haikosi njia. Ukiwa na neno kwa mama mukwe, unalipitisha kwa mutu mwingine, na kama hakuna mutu, unalipitisha kwa kitu chochote. Niligeukia ile nguzo ya chuma.

"We chuma," nikasema kwa sauti, "mwambie mama boti imezidi. Aliyeingia wa mwisho anashuka wa kwanza. Si mimi nasema, ni sheria."

Mama akainamisha kichwa. "Kuku," akasema, "mwambie mutu wa leta maiti haingojei sheria."

"Chuma, mwambie mama boti ingine iko keshokutwa."

"Kuku, muulize keshokutwa nitaangalia nini. Udongo?"

Watu wa boti walikuwa wanageuza vichwa ku nguzo, kisha ku kuku, kisha ku nguzo. Kapiteni akanisogelea, akaniuliza polepole: "Shefu, ninyi wanne mutamalizana saa ngapi? Upepo unakuja."

Nikasema tushushe muzigo wake kwanza. Unga ukashuka. Maharagi yakashuka. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya kitenge, bila kupitia kwa kuku sasa, anajisemea: atafika matanga mikono mitupu kama mwizi. Nikaangalia mustari. Nyuma ulikuwa umetokeza kidogo. Mbele, bado maji. Kushusha simenti na bia ilikuwa kushusha watu wote, na kapiteni alinionyesha kule mbali mawimbi yameanza kuota vichwa vyeupe.

"Basi nani atashuka badala ya mama?" nikauliza boti. "Mama anaenda kuzika mudogo wake."

Kila mutu akaangalia ziwa, na bidii, ungesema ndiyo mara yao ya kwanza kuiona. Kisha kijana mumoja akasema yeye pia anaenda matanga, baba yake mudogo. Mwanamuke aliyekuwa karibu naye: matanga, mutoto wa dada yake. Nyuma kule: matanga. Ku katikati: siye tulizika wiki iliyopita, tunaenda kumaliza kilio. Ile bia ya chini ilikuwa ya matanga vilevile. Sikuwa na mutu wa kumuhukumu. Nusu ya Ituri inaenda kuzika nusu ingine, na wote wanapita kwangu.

"Ni muzee mumoja tu, shefu," kapiteni akasema. "Mukonde vile. Funga macho, tuende."

Na mimi nilitaka kuyafunga. Alikuwa mama ya bibi yangu. Lakini nimekwisha kubeba watu waliotolewa mu ile ziwa. Boti yao ilitokea ukingo mwingine, mahali hakuna mutu wa kuangalia mustari. Tuliwalaza ku muchanga mumoja mumoja, tukawafunika na vitenge vyao wenyewe vilivyolowa. Mwenye boti, yeye aliogelea, alikuwa amekaa pale anasema aliongeza mumoja tu, mumoja tu. Alisema hivyo mpaka jioni. Nilikuwa naogopa ile sauti kuliko nilivyomuogopa mama mukwe.

Nikaingia mu maji na viatu. Nikatembea mpaka mbele ya boti, nikazunguka, nikainua uso, nikamuangalia.

Alikuwa na paji ya bibi yangu. Mudomo ulikuwa wa binti yangu mukubwa, ile ile, na kakunjo kake pembeni ambako nilikuwa nafikiri ni ka kwake peke yake. Miaka yote ile sura za watoto wangu zilikuwa zinatoka pale, na mimi naingia mu mahindi.

"Mama," nikasema, "shuka."

Mwanamuke mumoja mu boti akasema "Yesu!" Mama mukwe akavuta kitenge juu ya uso. Nikamunyooshea mukono. Hakuushika. Akampa kapiteni kuku, akashuka mwenyewe mu maji mpaka magoti, akapokea kuku yake, akapita mbele yangu. Nikaangalia ubavu wa boti. Mustari ulikuwa umetoka wote, mbele na nyuma. Nikapunga mukono waende.

Tulipanda mulima na moto mbili, yake mbele, yangu nyuma, nakula vumbi yake mpaka Bunia. Mu giza la kwanza kapiteni akanipigia simu.

"Tumefika salama, shefu! Ziwa ilitulia kabisa, maji ya mu beseni!"

Nikamushukuru. Hiyo ndiyo shida ya kazi ya bandari: ukiifanya vizuri hakuna kitu kinachotokea, na utamuonyesha nani kitu ambacho hakikutokea? Mu Shari wakasema nilimuzuia muzee wa watu bure, ziwa ilikuwa maji ya kuogea. Shemeji yangu, yule kijana wa mwisho, akaja kunitangazia faini ya mbuzi moja ya kusafisha macho yangu yaliyomuangalia mama. Nikatoa mbuzi. Bibi yangu akaniwekea ugali na sombe, majani ya muhogo, ku meza, akaweka na maji ya kunawa, akaenda kukaa inje. Nilikula peke yangu, na sikusikia chumvi.

Kesho yake sikuenda biro. Ilikuwa saa ambayo kule Mahagi walikuwa wanafukia. Nilikuwa nimekaa ku kiti mu lupango langu, kofia ku kichwa, wakati mulango wa mabati ulifunguliwa na mama mukwe akaingia. Hajawahi kuingia kwangu. Nyuma yake walikuja wamama wengi wa Djugu, wale aliokimbia nao, na mikeka mu kichwa. Niliruka, nikashika njia ya nyuma ya jikoni.

"Kaa," akasema.

Alikuwa ananiangalia mimi. Hakukuwa na kuku wala mutoto wa kupitishia neno. Nikakaa. Wamama wakatandika mikeka, bibi yangu akatoka mu nyumba, akasimama ku mulango, mukono ku mudomo.

"Mudogo wangu," mama akasema, "alikuwa amebakiwa na mutu mumoja tu wa kwao wa kumulilia. Huyo mutu ulimushusha. Sawa. Sikatai. Inawezekana niko muzima sababu yako, inawezekana hapana, Mungu ndiye anajua. Lakini mudogo wangu anaingia mu udongo saa hii na hakuna sauti ya kwetu. Basi utamulilia wewe."

"Mama, sikumujua."

"Na mimi ulinijua?"

Kisha nikamuuliza jina la mudogo wake, juu mutu halii hivi hivi bila kutaja jina. Akaniambia. Lilikuwa jina fupi, la wasichana wanaozaliwa wakati wa mavuno. Nikatoa kofia. Nikaanza kulitaja kidogo kidogo, kwa aibu, sauti ya mutu wa biro. Wamama walikuwa wananingojea. Mama mukwe akaja karibu, akakaa ku mukeka mbele ya magoti yangu.

"Nguvu," akaniambia. "Mahagi iko mbali."

Nikapandisha sauti.