Mavune ya Mtoto

Msimu wa palizi, kila mtu kijijini Chanzuru ana mavune. Mgongo unauma, miayo haikatiki, ugali hauna ladha. Unajikanda maji moto, unalala. Ndiyo maana Ashrafu, mtoto wa miaka minne, alipoanza kupiga miayo mchana na kuusukuma uji pembeni, shangazi yake Yunis aliangua kicheko.

"Naye ana mavune! Kalima shamba gani huyu?"

Mwamvua, mama yake, akacheka pia.

Wanawake wa pale hupalilia mpunga kwa ujima, shamba baada ya shamba. Mmoja akiuguliwa, kazi husimama na zamu husogea. Zamu iliyokuwa ikikaribia ni ya Yunis, na magugu yalikuwa yameshaumeza mpunga wake. Yeye mwenyewe alikuwa na kidonda mguuni, akabaki nyumbani kuangalia watoto.

Kila jioni Mwamvua alimgusa mwanawe shingoni. Amepoa kama mtungi.

"Mzima huyo, wifi," Yunis alimwambia. "Wewe pumzika. Bado kwangu."

Siku moja mpini wa jembe ukamvunjikia Mwamvua, akarudi nyumbani jua la utosi. Kuku wenyewe walikuwa wamekimbilia kivulini. Ashrafu alikuwa amejikunyata juani, kajifunika kanga, anatetemeka. Yunis alikuwa amechuchumaa mbele yake akiponda kidonge kwenye kijiko.

"Nini hicho, wifi?"

"Cha kutuliza tu. Kana joto kidogo."

"Kama cha jana," mtoto akasema. "Shangazi kasema nisikuambie."

 Mwamvua alimbeba mtoto mpaka zahanati. Mhudumu akamtoboa kidole, akasubiri kipimo, akasema ni malaria, ila wamewahi.

"Kidonge kile kinashusha joto, mama, malaria inabaki. Mtoto akiota jua mchana, akikataa chakula, mlete apimwe hata kama mwili umepoa."

Yunis aliwasubiri mlangoni.

"Nilitaka tumalize kwangu tu, wifi. Halafu ningekuambia."

"Kwa hiyo ulijua si mavune."

Yunis akainama kukitazama kidonda chake.

Ashrafu alipopona, Mwamvua alikwenda kupalilia shamba la Yunis, maana ujima haususwi. Wenzake walitaniana, yeye alikazana na jembe. Alimkalisha mtoto kwenye tuta, pale alipoweza kumwona.

Yunis akaja na kikombe cha uji. "Nipe nimnyweshe, wifi."

"Ana mama yake," Mwamvua akasema, akapokea kikombe.