Homa Inayoruka Siku

Agosti hiyo nilikuwa kidato cha pili. Mama alinituma Kabuchai nimsaidie Nyanya, mama yake, kuvuna, maana mahindi ya huko hukauka wakati yetu ya Kitale bado ni mabichi. Nilitoka nyumbani alfajiri kwa basi, nimevaa sweta mbili.

Chwele, saa sita mchana. Mjomba Wafula alinipokea kwa baiskeli. "Vua hizo sweta, bana. Watu watasema nimebeba mgonjwa." Nikaona haya, sikuvua.

Kabuchai, wiki ya pili. Tulikuwa tukipukuchua mahindi uani, jua kali, mara baridi ikaniingia mgongoni. Meno yakagongana. Nikakimbilia jikoni kwa moto. Nyanya akanishika paji la uso. "Unachomeka kama sufuria, na unalia baridi?" Baadaye nikasikia joto hata nikatupa blanketi, kisha jasho, kisha usingizi. Kesho yake nilikuwa mzima, nikala ugali kwa kuku vizuri. Kesho kutwa, saa ile ile, baridi tena. Sikuelewa. Ni ugonjwa gani huu wa kwenda na kurudi kwa zamu?

"Siku ya kupukuchua anatetemeka, siku ya kuku anapona," alisema Mjomba.

Nyanya akasema ni malaria, akaninunulia dawa ya klorokwini dukani, vidonge kumi: nne kwanza, halafu mbili mbili mpaka ziishe. Nilimeza zile nne, mwili ukaniwasha mpaka kwenye nyayo. Kesho yake nikajisikia mzima. Nikajiambia nimepona, nikazitupa zilizobaki chooni. Nyanya alipouliza kama nimezimaliza, niliitikia kwa kichwa.

Siku ya tano baridi ilirudi, safari hii na kutapika. Sikuweza kusimama.

Bungoma, asubuhi iliyofuata. Mjomba alinisukuma kwa baiskeli mpaka barabarani tukapata gari, Nyanya akinishika mkono njia yote. Kwenye kliniki daktari alisema kama dawa imeshindwa, itabidi nipewe nyingine kali zaidi.

"Alimeza zote?" akauliza.

"Zote," alisema Nyanya. "Huyu si mtoto wa kudanganya."

Nilitazama sakafu. Sikujua kama ninaungua kwa homa au kwa aibu.

"Nilimeza nne tu," nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini. Nyanya hakunigombeza. Alisema tu, "Na mimi nimeshaapa kwa ajili yako."

Daktari akanirudishia klorokwini ile ile, na siku zote tatu za dawa Nyanya alinipa vidonge kwa mkono wake. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Kuwashwa kulikuja, nikavumilia.

Kitale, Jumapili. Nimefika nyumbani mzima, nimekonda kidogo. Mpaka sasa sielewi mtu anawezaje kuungua na kuganda kwa wakati mmoja. Nimejua tu kwamba siku niliyojisikia mzima ndiyo siku niliyojiharibia. Mama ameniuliza Nyanya alisema nini wakati wa kuagana. Nyanya aliangalia tu ndani ya mdomo wangu mara moja tena, ndipo akaniachia mkono.