Siku Nilipokwama Kwenye Mlango wa Chombo cha Mwezini

Nianze kwa kusema ukweli: pale kanisani Mesaimeer kuna watu hawajui jina langu lakini makalio yangu wanayajua, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Teacher Njeri, nesi anayefundisha Sande Skuli yetu (huku ughaibuni inafanyika Ijumaa, siku ya mapumziko, jina tu ndilo hatukubadilisha), alikuwa anarudi Kenya, na kamati ikasema nijaribu somo moja, nikiweza darasa ni langu. Nililitaka jamani. Kazi yangu ni ya nyumbani huko Al Thumama, binti yangu analelewa na mamangu Kitui, na Ijumaa ndiyo siku pekee mtoto wa pale kanisani ananikimbilia akiniita auntie.

Somo lilikuwa uumbaji, jua na mwezi, nami nikaona niwaeleze jinsi watu walivyofika huko mwezini. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo nilisoma kwa simu nikirudia rudia, nisije nikadanganya watoto wa watu. Nikatengeneza chombo kwa katoni ya friji, nikakikatia mlango mdogo, nikavaa ovaroli nyeupe na kiunoni boya la kuogelea la watoto wa madam (niliomba, sikuiba), nikalifunika kwa foili.

Nikawaambia kwamba kabla ya safari za mwezini ilibidi mtu ajaribu kutoka nje ya chombo, na Mrusi aliyetoka wa kwanza, suti yake ilivimba, akashindwa kurudi ndani mpaka akapunguza hewa. Watoto wakasogea mbele wote. Hapo ningenyamaza ningekuwa salama, lakini nikaona maneno hayatoshi, nikatoka kwenye katoni, nikapuliza boya mpaka likakaza, halafu nikaingiza kichwa na mikono nirudi ndani.

Sikurudi. Nikakwama nusu, nusu ya nyuma ikiwaangalia Pasta na kamati waliokuja kunipima.

"Auntie Mwende, ni mchezo ama umekwama?" Teacher Njeri akauliza, na nimpe haki yake, aliuliza kwa upole.

"Nimekwama!"

Darasa zima likapiga kelele: "Toa hewa! Auntie, toa hewa!"

"Mikono iko ndani! Mnisaidie!"

Teacher Njeri akavuta kizibo, na ile sauti iliyotoka hapo nyuma, ndefu, ya kujikokota, siwezi kuiandika. Hata Pasta aliangalia dari.

Nilipotoka nilikuwa tayari kuomba msamaha niende zangu. Mwenyekiti wetu, Brother Otieno, akapangusa macho.

"Mwende, watoto wameshika somo, hilo siwezi kukataa. Darasa chukua. Lakini huko mwezini mtaenda kwa kuchora. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Brother."

Jioni nilimpigia binti yangu nikamwambia yote, akacheka mpaka mamangu akamnyang'anya simu kuuliza kuna nini. Ijumaa ijayo tunafika mwezini, nimeshanunua kalamu za rangi. Na nimeapa, kitu chochote cha kupuliza sitakipuliza tena kikiwa mwilini mwangu.