Bwana DC Amekwama Kwenye Lifti

Mimi shule niliishia kidato cha pili, na hapo kwenyewe nilifika kwa kusukumwa. Kwa hiyo mwanamke niliyekuwa nataka kumuoa aliponiambia kwamba kwenye mchezo wake nitakuwa Mzungu, tena siyo Mzungu wa hivi hivi, Bwana DC mzima wa enzi za mkoloni anayepelekwa kituo kipya kule mpakani mwa nchi, nilijua kuna kasoro mahali.

"Kiingereza changu si unakijua?" nikamwambia.

"Huna maneno mengi. Unawahimiza wapagazi mara mbili tatu, basi. Kilichobaki unabebwa tu."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Wapagazi wamekataa kuwabeba wote waliobaki. Wewe ndiye mwepesi."

Nikakubali. Ningekataaje? Nilikuwa nimepeleka posa kwake tangu kabla ya Ramadhani na jibu halijarudi. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa kaka yake mkubwa, dereva wa basi, mtu wa Unguja, mpole, maneno anayatoa kama anayakopesha. Kila nikimkuta msikitini ananiuliza hali, ananiuliza kazi ya ghala kule Washwood Heath inaendaje, halafu anavaa viatu vyake anaondoka. Posa haigusi kabisa. Na mwanamke mwenyewe alishaniambia wazi: kaka akisema hapana, ni hapana. Mara ya kwanza aliolewa bila kumsikiliza kaka, na yule mume akaja kuondoka, akamwachia binti mdogo ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza cha hapa Birmingham.

Basi sikia wapagazi walikuwa nani. Nyuma ni rafiki yangu mmoja Mkongomani tunayefanya naye kazi ghalani. Mbele ni kaka mtu.

Mchezo wenyewe ulikuwa kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa hapa, waone mabibi na mababu zao walipitia nini. Bwana DC anatoka pwani kwenda kituo chake kipya, safari ya wiki nzima porini, amekaa kwenye machila. Machila yetu ilikuwa kiti cha plastiki cha bustani kilichofungwa kwa kamba kwenye mianzi miwili mirefu. Kichwani nilivaa kofia ya karatasi ngumu, usoni nilipakwa poda ya mtoto mpaka nikapiga chafya, na mwenye mchezo, yule niliyempelekea posa, akanifunga kwenye kiti kwa kanga, fundo nyuma ya mgongo, nisije nikaanguka mbele za watu.

Kichekesho cha mchezo kilikuwa hiki: Bwana DC hajui Kiswahili. Wapagazi njia nzima wanamsema hapo hapo alipo, tumbo lake, pua yake, bafu lake la bati wanalomchukulia kichwani, na yeye anatikisa kichwa akidhani anasifiwa. Bibi yangu alikuwa akisimulia mambo hayo, kwamba ndivyo ilivyokuwa kweli. Wazee walikuwa wakimwimbia Mzungu matusi ya kutosha, naye akawa anapiga makofi.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu kwenye jengo moja la zamani la Balsall Heath, na ngazi zake zina kona mbaya. Machila ikagoma kupita. Mwenye mchezo akasema tupande na lifti ya mizigo, tutokee ukumbini tukiwa tayari tumebeba, ipendeze. Akapanda yeye kwa ngazi kutusubiri.

Tukaingia. Yaani tulijiingiza. Mianzi ilikuwa mirefu kuliko lifti, ikabidi kiti kilale upande, mwanzi mmoja ukapita juu ya magoti yangu, wa pili ukanikaba kifuani. Mlango ukajifunga. Lifti ikaanza kupanda, ikatikisika, na ncha ya mwanzi wa mbele ikaenda kugonga ile swichi nyekundu ya kusimamisha. Swichi ikazama ndani kama jino bovu na haikutoka tena.

Lifti ikasimama.

"Mon Dieu," akasema Mkongomani. "Sasa tutafanya namna gani?"

Tukapiga kelele. Juu yetu tukamsikia mwenye mchezo akigonga mlango. "Kaka! Mko salama? Mwenye funguo amepigiwa simu, anakuja kutoka nyumbani kwake! Msiguse kitu!"

"Tuguse nini?" nikasema. "Mimi hata pua yangu siifikii."

Mkongomani akacheka. Kaka mtu hakucheka. Alikuwa amebanwa kwenye pembe, bega lake limegusana na ukuta, anatazama mlango. Nikamrushia mzaha mwingine, kwamba DC wa kweli angekuwa ameshapiga mtu viboko saa hizi. Wapi. Nikamrushia wa tatu kuhusu dereva wa basi kukwama kwenye usafiri usiokuwa wake. Akanitazama tu. Hapo jasho likaanza kunitoka, na poda ikaanza kuteremka nalo shingoni.

"Tufanyeni mchezo," akasema Mkongomani. "Tukikaa hivi tutakuwa wazimu. Patron, bosi, wewe hujui Kiswahili, nyamaza." Akaanza maneno yake kama tulivyofundishwa. "Ndugu yangu, huyu mkubwa wetu mpya unamuona namna gani?"

Kaka mtu alitakiwa ajibu kwamba mkubwa ana tumbo la mtungi. Hakujibu hivyo. Alivuta pumzi, akasema polepole, "Miye huyu bwana ananitia mashaka."

Nikadhani kasahau maneno. Nikatikisa kichwa kama DC, nikatabasamu.

"Mashaka ya nini?" akauliza Mkongomani, na yeye akidhani hivyo hivyo.

"Anacheka mno. Kila neno lake kicheko. Ukimuuliza hali, mzaha. Ukimuuliza kazi, mzaha. Sasa mtu kama huyu ukimfuata porini, utajuaje siku gani anasema kweli?"

Jamani. Nilikaa nimefungwa kanga, mwanzi kifuani, nikawa sijui nisikie kama nani. Kama huu ni mchezo na mimi nikajitetea, nitaonekana zuzu, mtu mzima anayegombana na maneno ya kuigiza. Kama siyo mchezo na nikanyamaza, basi ndiyo posa yangu inajadiliwa hapa na mimi mwenyewe nimekaa natabasamu kama mbuzi aliyeona majani. Nikaendelea kutabasamu.

Mkongomani akanitupia jicho. Naye alikuwa ameshaelewa. Ningekuwa mimi ningebadilisha mazungumzo, lakini yeye kwao wanapenda kesi.

"Mais, kuchekaka si vibaya," akasema. "Kwetu banasema mtu wa kuchekaka hana sumu."

"Yule wa mwanzo naye alikuwa hivi hivi," akasema kaka mtu. "Nyumba nzima alikuwa akiivunja mbavu. Mama yetu alikuwa akimpenda kwa hilo. Siku ya kuondoka pia kaondoka kwa mzaha, kasema anakwenda kununua maziwa. Mtoto kakaa kwenye kibaraza na glasi mkononi."

Tabasamu liliniporomoka.

"Sasa huyu," akaendelea, bado hanitazami, "siku hana la kuchekesha, atakaa?"

"Nitakaa," nikasema.

"Sikukuuliza weye. Weye hujui Kiswahili."

"Amejifunza leo," akasema Mkongomani. "Vraiment, kweli kabisa, safari ndefu hii."

Kaka mtu akageuka. Kugeuka kwenyewe ilibidi ainame, apitishe kichwa chini ya mwanzi, kwa hiyo uso wake ukawa karibu kabisa na wangu, nikaona ndevu zake zina mvi kuliko nilivyodhani.

"Haya, nakuuliza weye sasa."

Neno la kuchekesha lilikuwepo. Tena lilikuwa zuri, lilihusu maziwa. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, na wallahi kulimeza kuliniuma kuliko ule mwanzi.

"Sina cha kukuonyesha," nikamwambia. "Nipo kazi ile ile tangu nije nchi hii. Chumba changu Lozells ni kile kile. Wenzangu wote wamehama, wengine wana nyumba, wengine wana biashara, mimi nipo. Watu wanasema sina akili ya kusogea mbele, na labda kweli. Lakini mtu wa kuondoka angekuwa ameshaondoka."

"Hilo nimeliona," akasema.

"Na yule mtoto namuogopa kuliko ninavyokuogopa wewe. Wewe utaniambia hapana, yatakwisha. Yeye ananitazama tu. Nikimtania hacheki. Anangoja."

Kaka mtu alibaki ameinama pale pale chini ya mwanzi na mgongo wake lazima ulikuwa unamuuma, lakini hakunyanyuka. Mimi nilitamani aseme kitu chochote, hata anitukane. Hakuna mahali pa kutazama kwenye lifti. Ukitazama juu ni taa, ukitazama chini ni magoti yako ndani ya kaptura ya DC.

Nilimfikiria yule DC mwenyewe wa zamani. Utotoni nilikuwa nikidhani mtu aliyebebwa ndiye mkubwa. Kumbe amekaa juu pale, hajui wanasema nini, hajui njia, na wakiamua kumweka chini katikati ya pori hana la kufanya.

Juu kukawa na sauti za funguo na mwanamume anayelaani kwa Kiingereza. Lifti ikashtuka, ikaanza kupanda taratibu.

Kaka mtu akanyanyuka, akashika mianzi yake. Akasema akiwa amenipa kisogo, "Jumamosi wazee wako waje nyumbani. Waje wale, tuzungumze. Sijasema nimekubali."

"Hapa sina wazee," nikasema. "Wote wako Tanga."

"Mimi niko mzee wake," akasema Mkongomani.

"Weye mpagazi."

"Leo. Jumamosi nitavaa suti."

Mlango ukafunguka. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama unatutazama, akina mama, watoto juu ya viti, na mwenye mchezo mbele yao, mkono mmoja kifuani. Wapagazi wangu wakaninyanyua bila kuambiwa, tukatoka. Watoto wakapiga yowe, maana uso wangu nusu ulikuwa Mzungu na nusu mtu wa Tanga.

Yeye akawa anatembea kando ya machila, kama anatukumbusha maneno, midomo haichezi. "Kasema nini?" akaninong'oneza. "Humo ndani, kaka kasema nini?"

Ningemjibuje? Ukumbi mzima unaniangalia, na kwa Kiswahili mimi ni bubu. Nikamtazama. Akanitazama. Niliona rangi inamtoka, kauchukua ule ukimya wangu vibaya.

"Maman!" akapaza sauti Mkongomani kutoka nyuma. "Jumamosi upike wali mwingi! Bakubwa banakuja!"

Ukumbi ukaangua kicheko, wakidhani ndiyo mchezo umeanza. Yeye hakucheka. Alisimama katikati ya njia, akamtazama kaka yake, na kaka yake akampita bila kugeuka, machila begani, anatembea kuelekea kituo chetu cha mpakani, mimi nimekaa juu nashindwa hata kugeuza shingo nimuone mdogo wake analia au anafurahi.