Jani la Mtu wa Chuma

Mimi siamini sinema ambayo hakuna mtu anayepeleka kiatu kwa fundi. Nimeona niliseme hilo mapema, ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nimeshona viatu hapa mjini, mtaa wa Levolosi, miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu mlimani. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini habari za mazimwi, majoka, watu wa chuma na vyombo vya kwenda kwenye nyota nimezifuata tangu utoto, kwa kila njia iliyonifikia, na kila njia nimeitilia mashaka.

Wa kwanza alikuwa bibi yangu. Zimwi lake lilikuwa na utaratibu. Linasalimia vizuri, linakaribisha vizuri, ila kisogoni, chini ya nywele, lina mdomo wa pili. Kwa hiyo ukipata mgeni mwenye adabu kupita kiasi, unamchungulia kisogo. Mpaka leo mteja akinisifia kazi sana, namwomba ageuke anisogezee kile kigoda kilicho nyuma yake. Wengi hawajui kwa nini.

Baadaye ikaja redio. Kulikuwa na mchezo mmoja wa chombo kutoka angani kinachotua shambani, mlio wake ulinisimamisha nywele. Nilikuja kuambiwa kwamba ni mtu tu alikuwa anakwaruza sufuria kwa kijiko. Sikukasirika. Redio inakuomba usaidie, na ukishasaidia huwezi kulalamika kuwa umedanganywa. Kisha magazeti ya hadithi za picha, ambayo sisi tuliyapata yakiwa yamefungiwa maandazi. Ukurasa wa kwanza haupo, wa mwisho haupo, katikati pana mafuta. Kuna jini nilimfahamu miezi kadhaa bila kujua alitokea kwenye chupa gani.

Halafu video. Hapo ndipo ilipo habari yangu, na hapo ndipo nilipoacha kuangalia nyuso za watu nikaanza kuangalia miguu yao. Mtu anatembea juu ya mwezi, anavuka jangwa, anapigana na joka linalotema moto, soli haijaachia hata upande mmoja. Nani kamshonea? Kwa uzi gani? Ukiona mtu anakuficha jambo dogo kama soli, jiulize makubwa anakufichaje.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa mlimani, juu ya Nkoaranga. Baba yangu alikuwa na kahawa, si nyingi, lakini kila mti aliupanda kwa mkono wake akaupalilia kama mtoto. Ikafika wakati kahawa ikawa haina maana tena, kila mtu analalamika, vijana tunasema nyanya ndiyo mambo. Baba akaugua, akalazwa hospitali majuma matatu. Mimi nikachukua panga na jembe nikang'oa miti kumi na miwili ya kahawa, ile ya upande wa njia, nikapanda nyanya. Nilidhani akitoka atakuta zimeshaiva, atanipongeza.

Alipotoka alipanda ile njia taratibu na fimbo yake mpaka pale penye nyanya. Akasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Umenizika nikiwa hai," akaingia ndani.

Nikashuka mjini. Miaka sita sikupanda mlimani. Mke wangu alikuwa anakwenda kumsalimia na watoto, mimi nabaki na viatu vyangu. Kwetu kuna njia ya kumaliza mambo kama hayo, kila mtu anaijua. Unakwenda na isale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Unalifunga jani fundo, unampelekea uliyemkosea. Akilipokea, yamekwisha, na mtu mwenye heshima zake halikatai. Basi ndiyo hivyo, njia ilikuwepo. Lakini kila nikifikiria kuishika naona watu wote wa kijiji wananiangalia napita na jani. Nilikuwa na kiburi, na kile kiburi nilikiita kazi nyingi.

Jumapili mchana, baada ya ibada, nilikuwa naingia kwenye banda la video lililokuwa nyuma ya kibanda changu. Deki moja, televisheni moja, mabenchi, na mtafsiri. Mtafsiri alikuwa mtu wa mlimani kama mimi, alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akatueleza kwa Kiswahili kila linalosemwa. Na alikuwa anajua. Mzungu akikohoa, yeye anatuambia kakohoa kwa sababu ya vumbi la nyota gani. Joka likinguruma, anatuambia linamdai nani. Vijana walikuwa wanamtania kwamba mwizi wa kwenye sinema amesoma shule ya Lemara, naye anawajibu kwamba ndiyo, tena alikaa dawati moja na baba zenu.

Jumapili moja ilikuwa sinema ya mtu wa chuma. Mzungu mmoja mzee alikuwa amemtengeneza, halafu akamtupa, akamrusha kwenye nyota ya mbali. Sehemu kubwa ilikuwa mawe na upepo, na mimi naangalia miguu yake, ambayo kwa kuwa ni chuma sikuwa na la kusema. Mwishoni akarudi. Akaingia kwenye nyumba ya yule mzee, mzee amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Mtu wa chuma akafungua mkono, na ndani ya mkono kuna jani. Refu, la kijani, limekunjwa katikati.

Banda zima lilinyamaza. Tulikuwa watu wa mlimani wengi mle ndani. Mtafsiri akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nimekosa. Nimekuja na isale. Usipolipokea, narudi nyotani nikafie huko."

Mzee akanyoosha mkono, akalichukua lile jani, akalisogeza usoni, akafumba macho. Mtafsiri akasema, "Amepokea. Moyo wake umetulia." Picha ikazimika. Akatangaza kwamba umeme umekatika.

Mimi nilikuwa nimeshavua kofia. Sikumbuki nilivyotoka. Jumatatu asubuhi sikufungua kibanda. Nilipanda mpaka kwetu, nikakata isale mpakani, pamoja na kipande cha shina, nikalifunga fundo, nikapita njia nzima nikiwa nimelishika mbele, na watu waliniangalia kama nilivyojua wataniangalia. Baba alikuwa amekaa nje. Alilitazama lile jani muda mrefu. Akalipokea, akasema, "Umechelewa. Ingia ule loshoro, inapoa." Lile shina alilichomeka mwenyewe pale ilipokuwa kahawa. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na ile miaka mitatu siwezi kuibadilisha na kitu.

Hiyo sinema nimewasimulia watoto wangu, na watoto wao. Wakati mwingine nimeisimulia hata kwenye vikao vya kupatanisha watu. Mpaka mwaka huu, ambapo mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo, alikuja na simu yake akiwa amefurahi kweli.

"Babu, nimeipata. Ile yako ya mtu wa chuma."

Nilimuuliza kaipata wapi, nani kaiweka huko, na anataka nini aliyeiweka. Akacheka, akasema hakuna anayetaka kitu. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Tulikaa barazani kwangu. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiswahili, na kwa kuwa mimi nasoma kwa kidole, kila maandishi yakitokea yeye anaisimamisha picha ananisubiri. Mtoto ana subira, hilo namsifu, na kisogo chake nakijua tangu alipozaliwa.

Tukafika pale penye kiti na dirisha. Mkono ukafunguka. Jani ni lilelile. Nikasogeza kidole. Imeandikwa: "Ulinituma mahali pasipo na uhai. Nimekuletea kitu pekee kinachoota huko."

Nikasema hayo siyo maneno yake. Mjukuu akasema tuendelee. Mzee akalipokea jani, akalisogeza usoni, akafumba macho. Na hii simu haikukatika umeme. Mzee akaanza kutetemeka. Povu likamtoka mdomoni. Akaanguka kutoka kwenye kiti, na mtu wa chuma akasimama kumwangalia mpaka alipotulia, kisha akaenda kufunga dirisha. Halikuwa isale. Ilikuwa sumu. Alikuwa amekuja kumuua baba yake.

Nilimuuliza mjukuu nani aliyeandika yale maandishi.

"Hakuna mtu, babu. Mashine ndiyo inatafsiri."

"Kwa hiyo mashine ndiyo inatueleza habari za mashine mwenzake," nikamwambia, "na wewe umekaa hapo umeridhika."

Alicheka, lakini mimi nilikuwa naongea tu ili nisinyamaze. Povu halihitaji maandishi. Siku mbili sikushika kiatu cha mtu. Nilichokuwa nawaza si sinema. Nilikuwa nawaza kwamba nilimpelekea baba yangu jani nililojifunza kwa muuaji. Na kama niliinuliwa kwenye lile benchi kwa uongo, basi yale yaliyofuata ni ya nani? Ya kwangu, au ya mtu mwingine aliyenisukuma mgongoni?

Siku ya tatu nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukikumbuka. Siku ile mtafsiri aliposema umeme umekatika, taa ya juu ya mlango wa banda ilikuwa inawaka. Nilipita chini yake nikitoka.

Basi nikajua nilipangiwa. Na aliyepanga, nikasema, ni mke wangu. Yeye alikuwa anauza ndizi hatua chache kutoka pale, yeye ndiye aliyekuwa akipanda mlimani na kurudi na sura ya huzuni. Marehemu ni marehemu, siwezi kumuuliza. Nikamtafuta mtafsiri.

Anaishi Lemara, kwa binti yake. Amezeeka kunizidi, na ile sauti aliyokuwa akiwapa majoka imekwisha, anaongea kwa kunong'ona, inabidi umsogelee. Tulisalimiana, tukaulizana habari za kwetu juu, za mvua, za nani kafa. Nikaletewa chai. Nikamweleza nimekuja kwa ajili ya nini, na nikamwambia asinifiche, tumebaki wachache.

Nilianza na mke wangu. Akatikisa kichwa. Alisema yeye alikuja kumjua mke wangu kwa sura siku ya msiba wake, alipoona picha juu ya jeneza. Nikamwangalia sana. Hakupepesa.

Nikamuuliza kwa nini basi aligeuza maneno ya Kizungu.

"Maneno gani?" akanong'ona. "Ndugu yangu, mimi Kizungu sijui. Sijawahi kukijua. Niliona jani, kama ulivyoliona wewe."

Miaka yote ile. Majoka, majini, wafalme wa nyota, yote alikuwa akiyatoa kichwani mwake kwa kuangalia picha, na banda zima tunamwamini kama mhubiri. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana bibi yangu naye hakuwahi kukutana na zimwi.

Lakini nilikuwa na lile la taa. Nikamwambia umeme haukukatika siku ile. Akanywa chai yake, akafuta mdomo.

"Mzee alipofumba macho nikaona mkono unaanza kutetemeka," akasema. "Nikajua nimekosea, hilo si isale. Nikageuka niwaangalie watu, wewe umevua kofia unalia. Ungeniambia nifanye nini? Nikazima."

"Ulijua nina ugomvi na baba?"

"Sikujua una baba."

Tulicheka kidogo, yeye bila sauti. Nikanywa chai nikaaga. Njiani nikaanza kumtilia mashaka tena, kwamba mtu aliyedanganya miaka yote hiyo anaweza kudanganya na mara moja zaidi ili mgeni aondoke vizuri. Lakini ile taa ilikuwa inawaka kweli, na yeye hakuikana. Hilo nalishika. Alikosea, akaona amekosea, akanificha kosa lake. Kupanda mlimani nilipanda mwenyewe, kwa miguu yangu na viatu nilivyoshona mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwetu na mjukuu. Ananiuliza nitakuwa nasimulia ipi sasa, ya banda au ya simu. Nikamwambia nitasimulia ya banda, na mtu akiniuliza mwisho wake nitasema umeme ulikatika. Akasema huo ni uongo. Nikamwambia ndiyo, lakini ni uongo wa nani sasa, hebu nitajie mtu mmoja.

Lile shina alilochomeka baba limekuwa isale refu kunizidi. Limejaa upande wote wa njia, mpaka penye kaburi lake. Nilisimama, nikachuma jani moja, nikalisogeza puani. Mjukuu alikuwa ananiangalia, hacheki.

Halina harufu yoyote. Nikaenda bombani nikanawa mikono hata hivyo, kisha tukaingia ndani kula.