Nina digrii ya sayansi, nimeumbuka kwenye logi za Form Two: niongeze diploma ya hesabu?

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe mwaka huu, sijatia chumvi. Mtakaocheka, chekeni tu.

Nina BSc ya biolojia na kemia, ile kavu isiyo na ualimu ndani. Kwetu ni Nyarubungo, Biharamulo. Siku ya mahafali mzee alichinja mbuzi wawili, na tangu hapo kanisani jina langu lilikufa. Naitwa Digrii. Digrii soma matangazo. Digrii sogeza benchi.

Ajira sasa, hola.

Nikapata nafasi ya kujitolea sekondari moja huko Mbuba, Ngara. Mkuu wa shule akaniuliza, "Wewe si mtu wa sayansi?" Nikasema ndiyo. "Basi Form Two hawana mwalimu wa hesabu. Anza kesho."

Mimi hesabu niliagana nayo Form Six, kwenye BAM, ile hesabu nyepesi ya wasiochukua hesabu kuu. Lakini mtu aliyekaa nyumbani miaka mitatu hachagui. Nikakubali.

Wiki ya pili tukafika kwenye logi, yaani logarithm. Mnakumbuka O-level kalkuleta ni marufuku, watoto wanatumia kile kitabu cha majedwali. Nikachagua swali jepesi makusudi, waone jedwali linavyofanya kazi: 0.2 mara 3.

Logi ya 0.2 inaandikwa 1.3010, na ile 1 ina kamstari juu yake, tunaita bar. Mimi nikajua kamstari kanafanya namba nzima kuwa hasi. Nikajumlisha na logi ya 3, nikageukia ubao kama nafuta, nikachungulia kalkuleta ya simu, nikaandika jibu kwa mbwembwe: 0.15.

Binti mmoja wa dawati la mbele, nimwite Evodia, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. 0.2 mara 3 si 0.6?"

Jamani! Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Nikajifanya nampima: "Haya, njoo utuoneshe."

Akaja. "Hasi ni hiyo 1 peke yake, mwalimu. Desimali zinabaki chanya, ndiyo maana bar haijazifikia." Akapata 0.6. Wenzake wakampigia makofi, na mimi nikapiga, ningefanyaje?

Kama mnauliza nilikasirika, nilikasirika sana, ila na nafsi yangu. Digrii nzima nimebonyeza kalkuleta bila kujiuliza kitu.

Ila kuna swali likakataa kunitoka. Kwa nini waligawanya namba hivyo, mbele hasi, nyuma chanya?

Jumamosi sikwenda popote. Nikakaa na jedwali. Nikatafuta logi ya 2, ya 20, ya 200, kisha ile ya 0.2. Wakuu, zote nyuma zina 3010! Kinachobadilika ni namba ya mbele tu. Kumbe bar ipo ili kijitabu kimoja chembamba kitoshe kwa namba zote duniani. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Raha ile sikuwahi kuipata chuoni.

Ndipo nikaanza kuwaza diploma ya ualimu wa hesabu. Miaka miwili.

Ofisini walimu wenzangu wakanivaa. Mmoja akasema watu wanatoka diploma kwenda digrii, mimi narudi kinyumenyume. Mwingine, na huyu alikuwa na hoja, akasema nisome ualimu wa mwaka mmoja juu ya digrii yangu, nifundishe biolojia kwa amani.

Niliyemwogopa hasa ni mzee. Likizo nikashuka Lusahunga, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Nikamkuta anapiga maharage uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepata kazi?"

Nikamweleza yote, hata ya Evodia. Akaendelea kupiga maharage.

"Hiyo diploma itakupa ajira?"

"Sina uhakika, baba."

"Sasa unaisomea nini?"

"Nataka kuijua hesabu yenyewe."

Akaweka fimbo chini. "Ulipokwenda kusoma digrii nilikuuliza hivyo hivyo. Ukanijibu ajira. Leo ndiyo mara ya kwanza unanitajia masomo."

Machozi yalinilenga, sitaficha.

Fomu nimeituma juzi. Bado naogopa, miaka miwili si mchezo. Nilichojifunza ni kwamba niliheshimu jina la cheti kuliko kilichomo ndani, na watoto wa watu wakawa wanalipia.

Mliopita njia hii, nipeni ukweli: ajira zikitoka, mliomba kwa cheti kipi? Au nimekosea, ningeenda ule mwaka mmoja?

Na kabla ya ushauri, nisaidieni hili. Evodia kaniuliza jana kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya. Nikamjibu mbele ya darasa zima, "Sijui, nipe mpaka Jumatatu."