Mjadala wa Chupa za Vioo, Queensbury

Tairi la kiti cha magurudumu lilitoboka katikati ya bustani, mvua ikinyesha. Nilichuchumaa nikachomoa kipande cha kioo cha kijani, nikamwonyesha mzee niliyekuwa nikimhudumia, Mwingereza mwenye ulimi mkali.

"Chupa ya bia," alisema. "Na hizo ndizo walizoziacha."

Nilimwelewa, maana kila asubuhi nilikuwa nikimsomea gazeti. Sheria mpya ilikuwa njiani: ukinunua kinywaji unaacha amana kidogo dukani, ukirudisha chupa unarudishiwa. Plastiki na makopo vilikuwemo. Vioo, huku Uingereza, viliachwa nje. Wakazi wa mtaa wetu, Queensbury, walikuwa wameitisha mkutano kujadili kama wadai viingizwe.

"Nenda ukaseme," mzee aliniambia nikimsukuma taratibu kwenda nyumbani. "Mimi wameshanizoea. Nikiongea wanasinzia."

Nilikwenda. Miaka yote niliyoishi London sikuwahi kufungua kinywa mkutanoni. Aliyenitangulia alikuwa mwenye duka la kona, Mhindi aliyeniuzia unga wa ugali tangu nihamie. Alipinga kabisa. Duka lake ni dogo, alisema. Chupa zinanuka, zinavunjika, ataziweka wapi, kichwani?

Watu wakampigia makofi. Nikasimama, nikaeleza habari ya tairi. Kisha nikajikuta nikisema kwamba nilikokulia, Nakuru, huuziwi soda kama huna chupa tupu. Siku moja niliivunja njiani, nikalia mpaka dukani, na bado sikuuziwa.

Mwenye duka akageuka. Mbele ya ukumbi mzima akaniuliza kwa Kiswahili, "Nakuru sehemu gani, dada?"

"Bondeni."

"Baba yangu alikuwa na duka karibu na soko! Kreti zilijaa mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyezipanga."

"Basi unajua pa kuziweka."

Alicheka, halafu akatikisa kichwa. "Lori la soda lilikuja kila wiki kuzichukua, dada. Hapa lori ataleta nani?"

Mwenyekiti akaomba tafsiri. Nikatafsiri. Kumbe mtu huyu hakuvichukia vioo. Aliogopa kuachiwa mzigo peke yake.

Jumamosi iliyofuata tuliandika barua kwa mbunge, juu ya kaunta yake, tukisukuma kando pakiti za biskuti. Mimi nilitaka vioo viingizwe. Yeye alitaka lori, na maduka madogo yasilazimishwe. Tulibishana neno kwa neno. Mkewe akatuletea chai ya tangawizi mara mbili. Tulitia saini, na mzee wangu akaongeza yake, kubwa kuliko zetu zote.

Jibu lilikuja: maoni yetu yamepokelewa, lakini kwa sasa sheria itabaki ilivyo. Nilivunjika moyo. Mwenye duka aliisoma barua mara mbili, akaibandika ukutani nyuma ya kaunta.

"Wamesema 'kwa sasa'," aliniambia. "Tuandike tena, na safari hii tusiwe watatu tu. Nina binamu huko Stanmore. Ana maduka mawili, na akianza kusema hanyamazi."

Jumapili alimwachia mkewe duka, tukapanda basi. Binamu alitufungulia mlango, na hata kabla hajatukaribisha kuketi alianza kupinga: nafasi hakuna, wafanyakazi hakuna, na hilo lori ni la nani?

Nikafungua daftari. "Sema polepole, kaka," nikamwambia. "Yote hayo tunayaandika."